"Nimekatika kiroho": kukaa ndani ya Kristo ni nini hasa?

Kuna maneno yanasikika sana Dar es Salaam siku hizi, kwenye vikundi vya WhatsApp vya wanakwaya, kwenye foleni ya mwendokasi Kimara, hata kwenye ofisi za wachungaji baada ya ibada: "Mimi nimekatika kiroho." Anayesema hivyo huwa hatanii. Wiki zimepita hajafungua Biblia. Akipiga magoti, maneno yanamwishia mapema. Wimbo uliokuwa ukimtoa machozi sasa anauimba huku akiwaza kodi ya nyumba. Anahisi kulikuwa na kitu kilichomfunga kwa Yesu, na kitu hicho hakipo tena.

Kabla hajapata muda wa kujiuliza, majibu yameshamfikia kwenye simu. Jiunganishe na madhabahu hii. Tuma sadaka ya kujiunganisha kwa namba hii. Njoo na chupa ya maji, chumvi na kitambaa. Amka saa tisa usiku kwa siku arobaini. Mwingine, kwa nia njema kabisa, atamwambia tu, "Ongeza maombi, dada." Majibu haya yanachanganya mambo ambayo Biblia imeyatenganisha, na mchanganyiko huo unawaumiza watu. Unawapotezea fedha na usingizi, na wapo uliowapotezea imani yenyewe. Kwa hiyo tulifungue jambo hili taratibu, tukianzia chini kabisa.

Kuna mambo mawili ambayo kila siku tunayaita kwa jina moja. La kwanza ni kuunganishwa na Kristo. Hii ni hali ambayo Mungu anamweka mtu anayemwamini Mwanawe: anamhesabu kuwa wa Kristo, anampa Roho wake akae ndani yake, anamfanya mwana. Makanisa yetu yanaeleza kwa namna tofauti jinsi hali hiyo inavyoanza. Mkatoliki, Mlutheri na Mwanglikana watakuelekeza kwenye ubatizo. Mpentekoste atakuuliza uliokoka lini. Lakini ukiwabana, wote watakwambia mtendaji ni Mungu. Paulo anapoandika "katika Kristo", na anaandika hivyo karibu kila barua, anazungumzia hali hii.

La pili ni ushirika na Kristo. Huu ni mwenendo wa kila siku ndani ya hali hiyo: kumsikiliza, kusema naye, kumtii, kumkosea na kurudi. Ushirika hupanda na kushuka. Una majira ya joto na majira ya ubaridi. Unaweza kulegea kwa sababu ya uvivu, dhambi, uchovu, ugonjwa au msiba.

Mchukue kijana aliyetoka Tukuyu akaja kutafuta maisha Kariakoo. Mwezi wa kwanza alimpigia mama yake kila jioni. Biashara ilipochanganya akawa anapiga Jumapili, halafu sikukuu, halafu akawa anatuma tu hela ya matumizi bila neno. Mwaka ukaisha. Huyu kijana ameacha kuwa mtoto wa yule mama? Hapana. Jina la ukoo analo, damu ni ileile, na siku akishuka stendi saa nane usiku mlango utafunguliwa. Lakini hajui kwamba mama ameanza kuumwa magoti, hajui ng'ombe amezaa, na mashauri aliyokuwa akiyapata kwenye zile simu sasa anayatafuta kwa watu wasiomtakia mema. Uzazi uko palepale. Mazungumzo ndiyo yamekufa. Na dawa ya mazungumzo yaliyokufa ni kupiga simu. Haihitaji kumtafuta mtu wa kumzaa upya.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko wetu iko hapo. Mtu ambaye ushirika wake umepoa anaambiwa kwamba muungano wake umevunjika, kisha anauziwa muungano mpya.

Usiku ule wa mwisho

Maneno tunayoyanukuu sana kuhusu jambo hili yako katika Injili ya Yohana, sura ya 15, na ni vizuri kukumbuka yalisemwa lini. Ni usiku wa kukamatwa kwa Yesu. Yuda ameshatoka nje. Wamebaki wanafunzi 11 ambao miguu yao imetoka kuoshwa. Yesu anawaambia: "Mimi ni mzabibu, ninyi ni matawi, akaaye ndani yangu nami ndani yake, huyo huzaa sana, maana pasipo mimi ninyi hamwezi kufanya neno lo lote."

Angalia mpangilio. Hawaambii wajitahidi ili wawe matawi. Anasema ninyi ni matawi, tayari, na mstari wa 3 anasema wamekwisha kuwa safi kwa sababu ya neno alilowaambia. Amri ya kukaa inakuja baada ya hapo. Na anawaambia watu ambao, kabla jogoo hajawika, watakuwa wamekimbia. Yesu analijua hilo; ameshamwambia Petro waziwazi kwamba atamkana mara tatu. Hata hivyo hasubiri awaone kama watafaulu ndipo awaite matawi yake.

Sisi wa pwani hatukui na mizabibu. Zabibu zetu zinatoka Dodoma, na aliyewahi kufika kwenye mashamba yale anajua mkulima wa zabibu hashindi bila mkasi. Kule huvuna mara mbili kwa mwaka, na kabla ya msimu anapogoa, anakata bila huruma, mpaka mgeni anadhani shamba limeharibiwa. Zabibu huzaliwa kwenye machipukizi mapya. Tawi lililoachwa lijitanue linavyotaka linajaa majani, linapendeza kwa macho, na zabibu zake ni chache na hafifu. Ndiyo maana Yesu anasema tawi lizaalo Baba "hulisafisha, ili lizidi kuzaa". Wapo watu wanaosema wamekatwa kumbe wamepogolewa. Kazi imeondoka, uchumba umevunjika, cheo kanisani kimekwenda kwa mwingine, na wanahesabu hasara hiyo kuwa ushahidi kwamba Mungu amewaacha. Siwezi kumwambia kila mwenye msiba kwamba msiba wake ni kupogolewa. Hayo si ya kusemwa kirahisi mbele ya mtu anayelia. Lakini kupungukiwa peke yake si ushahidi wa kukatwa.

Jambo jingine la mzabibu ambalo mahubiri mengi hulipita: mti wake haufai kwa kitu chochote. Nabii Ezekieli, sura ya 15, anauliza kama kuna mtu anayechonga kigingi cha kutundikia chombo kutoka kwenye mzabibu. Hakuna. Mninga ukikatwa ni kitanda, mkoko ni boriti, mwembe ni hata kinu. Tawi la mzabibu likitengana na shina linabaki kuni. Wanafunzi wa Yesu walikuwa Wayahudi waliolelewa na maandiko hayo. Waliposikia "pasipo mimi ninyi hamwezi kufanya neno lo lote", walijua si lugha ya kutia chumvi.

Sasa kukaa ndani yake kunafanyikaje? Katika sura hiyohiyo Yesu anakueleza kwa mambo yanayoshikika. Maneno yake yakae ndani yetu (mstari wa 7). Tukae katika pendo lake (mstari wa 9). Tuzishike amri zake (mstari wa 10), na amri anayoitaja mara moja baada ya hapo ni kwamba tupendane. Katika sura ya 6 ya Injili hiyohiyo anaongeza kwamba aulaye mwili wake na kuinywa damu yake hukaa ndani yake, na kwa maneno hayo Wakristo tangu mwanzo wameithamini Meza ya Bwana, ingawa hawaielezi kwa namna moja. Neno, pendo, utii, meza. Hakuna hapo kitu cha kununua, wala kitu kinachohitaji kipaji. Mama asiyejua kusoma anaweza kuvishika vyote, kwa sababu neno husikika pia kwa masikio.

"Sisikii kitu"

Nitakaa kidogo kwenye suala la hisia, kwa kuwa ndilo linalowatesa watu wengi zaidi kuliko yote.

Ibada zetu nyingi jijini zina sauti kubwa na joto kubwa. Vyombo, makofi, machozi, watu kuanguka. Sina ugomvi na furaha. Zaburi zimejaa shangwe. Tatizo linaanza mwamini anapofundishwa, kwa maneno au kwa mazoea tu, kwamba msisimko ndio kipimo cha uwepo wa Mungu. Siku msisimko usipokuja, hana pa kusimama. Atahama kanisa kulifuata joto. Akilizoea na hilo atahama tena.

Biblia ina sala ya mtu asiyesikia kitu. Fungua Zaburi ya 88. Mwenye kusali analia mchana na usiku, anauliza kwa nini Mungu anamficha uso wake, na zaburi inaishia gizani, bila mstari wa kufariji mwishoni. Waliokusanya Zaburi hawakuifuta. Waliiacha ndani ya kitabu cha sala cha watu wa Mungu, maana yake mtu anaweza kuwa gizani na bado anasema na Mungu. Na anayesema naye hajakatika.

Mama Teresa wa Kolkata, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Upendo mwaka 1950, alidhaniwa na ulimwengu mzima kuwa anaogelea katika faraja ya Mungu. Barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, watu walishtuka kusoma kwamba kwa miongo kadhaa alikuwa na ukavu mkubwa ndani, hahisi uwepo wa Mungu. Miaka hiyohiyo aliendelea kuamka alfajiri kusali, kupokea Ekaristi na kuwaokota watu waliokuwa wakifia njiani. Hisia hazikuwepo, kukaa kulikuwepo.

Hapa niseme jambo moja kwa uzito. Kuna ukavu ambao ni ugonjwa. Mtu anayekosa usingizi kwa wiki nyingi, hana hamu ya chakula, anajiona hafai, anawaza kufa, anaweza kuwa na sonona, na sonona inatibiwa hospitalini kama malaria inavyotibiwa. Kumwambia huyo aongeze mkesha ni kumwongezea mzigo. Mpeleke kwa daktari, na umsindikize kwa sala.

Madhabahu, mafuta na mtu wa katikati

Siku ya kifo cha Yesu, Mathayo anaandika, pazia la hekalu lilipasuka vipande viwili toka juu hata chini. Pazia lile lilitenga mahali ambapo kuhani mkuu peke yake aliingia, mara moja kwa mwaka. Waraka kwa Waebrania unaeleza maana yake: sasa tunaingia wenyewe, kwa ujasiri, kwa damu ya Yesu. Na Paulo anamwandikia Timotheo: "Kwa maana Mungu ni mmoja, na mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Mwanadamu Kristo Yesu."

Basi mchungaji, padri au nabii ana kazi gani? Anayo kubwa: kulihubiri neno, kuhudumia sakramenti, kuonya, kufundisha, kuwaombea wagonjwa. Yakobo anaagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa wampake mafuta kwa jina la Bwana, kwa hiyo mafuta yenyewe si mageni kwenye imani yetu. Lakini kuna tofauti kati ya mtumishi anayekuelekeza kwa Kristo na anayejiweka mlangoni akikusanya nauli. Ukiambiwa kwamba ukitoka chini ya mtu fulani, ukiacha kutuma sadaka kwenye madhabahu fulani, au ukikosa bidhaa fulani, basi Mungu atakuwa mbali nawe, umeambiwa kitu ambacho mitume hawakukifundisha. Hakuna waraka hata mmoja wa Paulo unaowaambia Wakorintho au Wafilipi wajiunganishe na Paulo ili wampate Kristo. Waliposema "mimi ni wa Paulo", aliwakemea.

Madhara yake si ya maneno tu. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Miaka mitatu baadaye, katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao wengi wao walifundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Walikuwa watu waliotaka kuwa karibu na Bwana. Shauku yao haikuwa na kosa. Waliopotoka ni waliowaonyesha njia, na nashindwa kuandika habari hizi bila uchungu, maana katika foleni za namna hiyo wamo watu wa mtaani kwetu, mama wenye watoto wagonjwa na vijana waliozunguka na vyeti miaka na miaka.

Kuhusu kufunga kwenyewe: Yesu alifunga na alitarajia wanafunzi wake wafunge. Ila hakuna mahali aliposema kufunga kunamsogeza Mungu. Isaya 58 inawachapa watu waliofunga kwa bidii huku wakiwanyanyasa wafanyakazi wao, na inataja mfungo anaoupenda Mungu: kufungua vifungo vya uovu, kuwagawia wenye njaa chakula chako. Kadhalika urefu wa maombi. Yesu alisema: "Msipayuke-payuke, kama watu wa mataifa, maana wao hudhani ya kuwa watasikiwa kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi." Kisha akatoa Baba Yetu, sala isiyofika hata dakika moja. Anayepata nguvu ya kukesha akeshe kwa furaha. Asiyeweza, kwa sababu ana mtoto mchanga au zamu ya usiku bandarini, hajapungukiwa na kitu mbele za Mungu.

Kazi ya kanisa si lazima iwe kukaa

Kosa jingine ni la watu wema mno. Jumatatu mazoezi ya kwaya, Jumanne kamati ya ujenzi, Jumatano ibada ya katikati ya wiki, Alhamisi vikao vya harusi ya mwana jumuiya, Ijumaa mkesha, Jumamosi usafi, Jumapili ibada mbili na harambee. Mtu wa namna hiyo akikwambia amekauka unashangaa. Usishangae. Martha alikuwa anamwandalia Yesu mwenyewe chakula, na bado aliambiwa, "Martha, Martha, unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi." Mathayo 7 ni kali zaidi: wapo watakaosema walitoa unabii na pepo kwa jina lake, naye atawaambia hakuwajua kamwe. Tunda analolitaja Paulo katika Wagalatia 5 ni upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole na kiasi. Gari halimo, wala kiwanja cha Kigamboni, wala idadi ya waliookoka kwenye mkutano wako.

Ukitaka kujua kama tunda hilo lipo kwako, usimuulize mchungaji wako, anakuona ukiwa umevaa vizuri. Muulize dada wa kazi. Muulize konda uliyegombana naye kwa sababu ya chenji. Mwangalie mwenza wako anavyobadilika uso ukiingia getini. Yohana anasema asiyempenda ndugu yake aliyemwona hawezi kumpenda Mungu asiyemwona, na dada wa kazi ndiye tunayemwona kuliko wote.

Wapi pa kukaa katika jiji hili

Lalamiko la kwamba Dar haina muda ni la kweli. Anayeishi Chanika na kufanya kazi Posta anatoka gizani na kurudi gizani. Ushauri wa "tenga saa nzima ya utulivu kila asubuhi" umeandikwa kwa mtu mwenye chumba chake na saa zake. Hata hivyo Marko anasema Yesu, baada ya jioni ya kuponya watu mji mzima ukiwa mlangoni, aliamka "alfajiri na mapema sana" akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba. Naye alikuwa na msongamano. Alichonacho mtu wa Dar ni vipande vya muda, na Wakristo wa zamani walijua kutumia vipande.

Wa karne za mwanzo walisali Baba Yetu mara tatu kwa siku. Wakatoliki bado wana sala ya Malaika wa Bwana asubuhi, mchana na jioni, na aliyeko katikati ya jiji kengele inapogonga saa sita anaweza kusimama hapo alipo akasali hata kama anapanga mzigo. Wakristo wa Mashariki wana sala fupi ambayo wameirudia kwa karne nyingi: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Hiyo inasaliwa umesimama kwenye basi, mkono mmoja umeshika bomba, begi liko kifuani, hakuna anayejua. Paulo aliposema "ombeni bila kukoma", aliwaandikia Wathesalonike waliokuwa wanafanya kazi kwa mikono yao. Hakuwa anawaandikia watawa.

Tabata kuna mama ninayemfahamu, anauza vitumbua nje ya nyumba yake. Saa kumi na moja alfajiri jiko lake la mkaa limeshakolea. Anadondosha mafuta kwenye kila shimo la chuma, anamimina unga, anasubiri kingo zikaukie, kisha anageuza kimoja kimoja kwa spoku ya baiskeli. Kila anapogeuza anataja jina: mwanawe aliyeko Mwanza, mpangaji aliyefukuzwa kazi, bodaboda aliyevunjika mguu, mteja anayemdai. Hafumbi macho, vitumbua vingeungua. Jumapili anakwenda kanisani, anasikiliza neno la siku, na mstari mmoja anaoushika anauchukua wiki nzima. Ukimuuliza Alhamisi anakwambia. Huyo hajawahi kusema ana ratiba ya kiroho. Neno la Kristo limekaa ndani yake, naye anawapenda watu aliopewa.

Nikipewa nafasi ya kushauri, nitashauri hivyo hivyo: mstari mmoja kwa wiki kuliko sura tano zinazosomwa ili kumaliza mpango, tena mstari ulioandikwa kwenye karatasi, usiwe tu kwenye simu ambayo ukiifungua unakutana na mengine. Na usikae peke yako. Matawi ni mengi, shina ni moja. Hakuna tawi lililopewa mzabibu wake binafsi. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walipokutana mwaka 1976 walizipa uzito jumuiya ndogo ndogo kwa sababu hiyo, na leo Mlutheri wa Kimara naye anakutana na jumuiya yake sebuleni kwa mtu. Wengi wanaziona jumuiya hizo kama mahali pa michango na misiba tu. Ni hasara. Watu kumi wanaokujua kwa jina watagundua umepotea kabla wewe mwenyewe hujagundua. Ibada ya watu elfu tatu haina uwezo huo.

Na dhambi je?

Hili ni gumu zaidi, na sitalificha. Yohana 15 ina pia mstari wa 6: mtu asipokaa ndani yangu hutupwa nje kama tawi na kunyauka. Makanisa hayakubaliani jinsi ya kulisoma hilo. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba dhambi ya mauti huondoa neema ya utakaso, na mtu huirudia kwa sakramenti ya Kitubio. Walutheri na Wapentekoste wengi wanafundisha kwamba mtu anaweza kuiacha imani na kupotea. Wengine, hasa wenye asili ya Kalvini, mwanamatengenezo wa kanisa wa karne ya 16, wanasema aliye wa Kristo kweli hatapotea, na anayeondoka moja kwa moja anaonyesha hakuwa wake. Tofauti hiyo ina miaka mingi na wanaoishikilia kila upande ni watu wanaompenda Bwana.

Ila wote wanakubaliana kuhusu mlango wa kurudi: toba, na msamaha ulio kwa Yesu. Wote wanakubaliana pia kwamba dhambi inayofichwa na kulelewa inaua ushirika haraka kuliko uchovu wowote. Tawi lililokatwa halinyauki saa ileile. Majani hubaki kijani kwa muda. Mtu anaweza kuendelea kuongoza sifa, kusoma somo, kutoa fungu la kumi, huku ndani kumeshakauka kwa sababu ya nyumba ndogo au fedha za watu.

Watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki waliliona hili. Uamsho ule uliwaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na kwetu Tanganyika. Alama yake kubwa ilikuwa kutembea nuruni: kukiri dhambi kwa jina lake mbele ya ndugu, bila kuizungushia maneno, kisha kwenda kurudisha kilichoibwa. Waliutegemea waraka wa kwanza wa Yohana, kwamba tukienenda nuruni twashirikiana sisi kwa sisi, na damu ya Yesu yatusafisha dhambi yote.

Anayeogopa kurudi amtazame Petro. Alimkana Yesu akiwa anaota moto wa makaa katika ua wa kuhani mkuu. Sura ya 21 ya Yohana inasimulia kwamba baada ya kufufuka, Yesu aliwangoja wanafunzi ufukweni, akiwa amewasha moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Hakuanza na hesabu ya makosa. "Njoni mfungue kinywa," akasema, na walipokwisha kula ndipo akamuuliza Petro mara tatu kama anampenda, na mara zote tatu akamkabidhi kondoo wake. Swali liliuma, Yohana anasema Petro alihuzunika. Lakini liliulizwa kwa mtu aliyeshiba samaki wa mwenyeji wake.

Kwa hiyo kama unajua ni nini hasa kimekuweka mbali, anzia hapo, usianzie kwenye mfungo wa siku nyingi. Mkatoliki, padri yupo kwenye kitubio Jumamosi jioni katika parokia nyingi. Mlutheri na Mwanglikana, ungamo la faragha mbele ya mchungaji lipo pia kwenye mapokeo yenu, mnaweza kuliomba. Mpentekoste, mtafute mchungaji au ndugu mmoja anayejua kutunza siri, umwambie bila kuzunguka. Na kama ni fedha za kikoba, umwendee mweka hazina kabla ya kikao, umwambie ukweli, na mpatane utazirudisha kwa awamu ngapi.